Nasaba ya Mto Tahira

Ahimidiwe Mola aliyeyateremsha maji kutoka mawinguni yakiwa safi, akawaachia waja wake hiari ya kuyatunza au kuyaharibu. Ama baada ya hayo, hii ni habari ya nchi ya Asilia, isiyomo katika ramani ya nahodha wala ya mpima ardhi, na ya Maalim Bwanakheri bin Shee, aliyeingia nchini humo na hamu ya samaki, akatoka na hamu ya kusimulia.

Maalim Bwanakheri alikuwa mwalimu wa fiqhi, mtu wa tumbo la heshima na kicheko cha karibu. Mlango wa maji katika vitabu vya sheria aliufundisha miaka mingi, hata wanafunzi wake wakasema kwamba angeweza kulihukumu tone la mvua kabla halijagusa ardhi. Binti yake wa pekee, Mwanasiti, aliolewa Asilia na kijana wa huko aitwaye Haidari, na sasa alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Mzee akafunga safari ili awepo siku ya kumpa mtoto jina. Ya njiani tuyaache, kwani njia zote hufanana kwa mtu mwenye haraka ya kumwona mjukuu wake wa kwanza.

Mpakani, afisa hakumwuliza alikotoka wala alikokwenda. Alimwuliza jina la babu wa babu yake, na alipojibiwa akasimama, akampa mkono, akampitisha. Maalim hakukawia kuelewa kwamba Asilia kila kitu huhukumiwa kwa ukoo wake. Mchele huulizwa shamba la bibi yake. Kiti kilichochongwa kwa mti wa jadi bora hakihesabiwi kibovu hata kikimwangusha aliyekikalia. Husemwa kwamba mkaaji hakujua kukaa. Haidari mwenyewe aliajiriwa na serikali kwa kazi tukufu kuliko zote nchini, nayo ni Usomaji wa Nasaba. Haliwi jambo la maana mpaka Msomaji asimame na kutaja ukoo wa kitu kilichopo mbele ya watu.

Chakula cha mchana kilipowekwa, Maalim alimwona samaki mpana juu ya sinia, ngozi yake iking'aa zambarau na kijani kama kioo cha duka la mapambo. Mate yakamjaa kinywani. Akanyoosha mkono, lakini Haidari akamzuia kwa adabu, akainuka na kusoma:

*Huyu samaki latifu,*
*Mamaye ni mtukufu,*
*Asiliye maarufu,*
*Mleni kwa taadhima.*

Baada ya ubeti huo zikafuata beti nyingine nyingi, zikitaja mto alimozaliwa samaki, yaani Bibi Tahira binti Chemchemi binti Wingu, na mashangazi wote wa upande wa ukungu. Waasilia hawausemi mto wao ila kama mtu, tena mwanamke wa daraja la juu. Usomaji ulipokwisha, samaki alikuwa amepoa. Maalim akamega tonge, akatafuna. Ilikuwa ladha ya ufunguo uliowekwa ulimini.

"Vipi, Baba?" akauliza Haidari. "Si nyama nzito hiyo?"

"Nzito, mwanangu. Nahisi kama nimetafuna kitasa na mlango wake."

Haidari akacheka kwa furaha, maana Asilia hiyo ni sifa. Alipocheka, Maalim aliona mstari wa buluu umepita katika ufizi wake, juu ya meno, kana kwamba amepakwa wanja. Baadaye akauona kwa majirani pia. Akaambiwa kuwa huo ni "wanja wa ufizi," alama ya kuzaliwa vema, na mabinti ambao haujawatokea huuchora kwa kalamu siku za harusi. Aliona vilevile kuwa mikono ya watu wazima ilitetemeka wakishika vikombe. Huko huitwa kunyenyekea; mwenye mkono mtulivu hudhaniwa ana kiburi. Na aliona kuwa wazee walisahau majina ya watoto wao, jambo ambalo wenyewe walilihesabu kuwa ukarimu wa moyo, kwa sababu mtu asiyekumbuka hawezi kuweka kinyongo.

Wakati wa sala Mwanasiti alimwonyesha baba yake pipa lililofichwa nyuma ya jiko.

"Tawadhia haya, Baba. Ni ya mvua."

"Na ya mtoni yana nini?"

Mwanasiti akatazama mlangoni kwanza. "Paka hawayanywi," akasema. "Tangu nije nchi hii sijamwona paka hata mmoja akinywa mto huu. Kila asubuhi hupanda mlimani, mikia juu, wakanywe kwenye chemchemi. Watu huwacheka. Husema paka ni mnyama asiye na ukoo, hajui kilicho bora."

Maalim akashuka kuutazama mto mwenyewe. Akateka maji kwa kiganja, akayapima kama alivyofundishwa na alivyofundisha: rangi, harufu, ladha. Rangi yake ilikuwa safi na harufu haikuwapo. Ladha ilikuwa ile ya ufunguo, tena kwa mbali sana, kiasi cha mwanafunzi mvivu kutoiona. Akapanda ukingo kidogo na kulikuta bomba, pana kama mlango wa msikiti mdogo, likitapika ndani ya Bibi Tahira. Lilitoka katika kiwanda cha Bwana Taufiki, ambako huyeyushwa risasi na dhahabu husafishwa kwa zebaki. Chini ya bomba samaki walielea matumbo juu. Mkaguzi wa Maji, bwana mnene aliyekuwa amekaa hapo chini ya mwavuli wa serikali, alimweleza kuwa samaki hao wanapumzika.

"Na huu mto huukagua wapi?" Maalim akauliza.

"Swali gani hilo, Mzee wangu? Hukaguliwa kwa mama yake, mlimani kwenye chemchemi. Kila mwaka tunapanda na ngoma na biriani, tunateka maji pale yanapozaliwa, na kila mwaka tunayakuta safi kama machozi ya mtoto."

"Huku chini hamjawahi?"

Mkaguzi akamtazama kama mtu aliyesikia tusi msibani. "Mzee, ukitaka kumwoa binti wa watu, huulizi kwao? Au humpekua yeye mwenyewe barabarani?"

Jioni hiyo Maalim akaelezwa lililokuwa limemnyima binti yake usingizi. Kila mtoto wa Asilia, siku ya kupewa jina, hupelekwa mtoni, na Kadhi wa Nasaba humnywesha maji ya Bibi Tahira kwa kijiko cha fedha. Asiyenyweshwa hana ukoo, hana jina, na mlango wa shule hautamfungukia. Na atakayesema kwamba Bibi Tahira ni mchafu amemtukana mamaye, Chemchemi. Adhabu yake ni kunywa mtungi mzima wa maji ya mto mbele ya umma.

"Ngojeni kwanza," akasema Maalim. "Mtoto hupewa maji haya kuwa ni heshima, na mkosaji hupewa kuwa ni adhabu? Maji ni yale yale?"

"Yale yale," akajibu Haidari. Akafikiri. "Sijawahi kuyaweka pamoja hayo mawili, Baba."

"Mwanangu hatakunywa," akasema Mwanasiti, akimkumbatia mtoto. "Wakitaka waninyweshe mimi mtungi. Huyu hapana. Nimewaona watoto wa mtaa huu, Baba. Wamefikia umri wa kusoma na hawawezi kushika herufi tatu kichwani."

"Mke wangu, mimi ndiye Msomaji," Haidari akalalamika. "Nikisimama kumzuia Kadhi, kesho hatuna kazi wala nyumba, na mtoto hana jina."

"Afadhali asiye na jina kuliko asiyekumbuka jina lake."

Maalim akamchukua mjukuu wake, akamweka juu ya tumbo lake kubwa, wakatazamana. "Wewe bwana mdogo," akamwambia, "umekuja kuninyang'anya bibi yako, na bado nakutetea. Utanilipa nini?" Mtoto akamjibu kwa kumlowesha kanzu. Maalim akacheka hadi mtoto akaruka juu ya tumbo kama mashua. Kisha ghafla akaanza kuzichezea ndevu zake, na binti yake, aliyemjua, akatambua kwamba kuna suala la fiqhi limeingia kichwani mwa mzee.

Siku ya kutoa jina, ukingo wa mto ulijaa watu waliovaa vizuri. Kadhi wa Nasaba, Sheikh Sefudini, alikuwa ameketi kwenye zulia, mwenye joho la hariri na mikono iliyotetemeka kwa cheo chake. Bwana Taufiki, mwenye kiwanda, alikuwa kwenye kiti cha pembeni. Yeye ufizi wake ulikuwa mwekundu na mikono yake imetulia kabisa, na watu walimhurumia kwa kukosa unyenyekevu. Kadhi akachota maji. Kijiko kikatikisika, nusu ikamwagika juu ya joho.

"Mheshimiwa Kadhi," akasema Maalim Bwanakheri, akijitokeza mbele, "kabla ya kijiko, naomba ruhusa ya babu."

"Babu ana haki. Lakini usiseme kitu juu ya usafi, Mzee. Sheria unaijua."

"Usafi sitautaja kabisa. Nataka kuuliza ukoo."

Uso wa Kadhi ukachanua. Hakuna neno tamu kuliko hilo katika nchi ile. "Uliza, uliza! Mpeni mzee mto wa kuegemea!"

"Kwetu sisi," Maalim akaanza, "mtoto akinyonyeshwa na mwanamke asiyemzaa, huwa mwanawe wa kunyonya. Wana wa mwanamke yule huwa ndugu zake, na mumewe huwa baba yake. Kwa hiyo hatumwachi mtoto anyonye kwa mtu tusiyemjua. Leo mjukuu wangu ataka kunyweshwa na Bibi Tahira. Atakuwa mwanawe. Si haki yangu kuujua ukoo tunaouingia?"

"Haki!" wakaitikia watu. "Haki yake!"

Haidari akasimama, akasoma: Bibi Tahira binti Chemchemi binti Wingu, na kuendelea hadi kwa bahari kuu. Sauti yake ilikuwa nzuri, na wazee kadhaa wakalia.

"Mashallah," akasema Maalim. "Ukoo wa kukeni nimeusikia, na umenyooka. Sasa wa kuumeni. Maji haya ya kwenye kijiko baba yao nani?"

Hakuna Mwasilia aliyewahi kuuliza hivyo.

"Maji hayana baba," akasema Mkaguzi.

"Subhanallah! Mnataka kumpa mjukuu wangu kitu kisicho na baba, mbele ya wazee wote hawa?"

Watu wakaguna. Asilia, kuambiwa huna baba ni kubaya kuliko kuambiwa una ukoma. Mkaguzi akaliona kosa lake, akatoka jasho. "Baba yupo!" akapiga kelele. "Bibi Tahira si mwanamke wa hivyohivyo! Ana mume!"

"Yuko wapi?"

Macho yote yakageuka, bila kuamriwa na mtu, yakalitazama bomba.

Bwana Taufiki akacheka. "Lile ni bomba langu, jamani. Ni mgeni tu wa mto."

"Mgeni tangu lini?"

"Tangu enzi za marehemu babu yangu."

"Mgeni wa tangu babu, na bado hajaaga!" akasema Maalim, na watu wakaangua kicheko. "Huingia kwa Bibi Tahira mchana, huingia usiku, hapigi hodi, nawe wamwita mgeni? Bwana Taufiki, hizi ni nyumba za watu."

"Aibu!" akasema bibi mmoja, akijifunika uso kwa ushungi. "Bibi Tahira wetu! Mwenye heshima zake!"

"Basi ni mume!" akafoka Taufiki, masikio yakimwiva. "Mume halali! Mmeridhika?"

"Tumeridhika, na tunampongeza. Kwa kuwa mtoto hufuata ukoo wa baba, maji yote yaliyo chini ya bomba ni wana wa Bomba." Maalim akamgeukia mkwewe. "Haidari, mwanangu, wewe ndiye Msomaji. Tusomee upande wa kuumeni."

Haidari akasogea mbele. Alimwona Kadhi akimkazia macho, na Taufiki akitikisa kidole. Aliujua ukoo ule, kwani nani katika mji asiyejua kinachoyeyushwa kule juu? Wote walijua, ila hapakuwa na mtu aliyewahi kukisema kwa mpangilio wa vizazi.

"Soma, baba mtoto," akasema Mwanasiti taratibu. "Ni ukoo wa mwanao unaosubiri."

Haidari akamtazama mtoto. Kisha akainua sauti yake ya kazi, ile ya karamu na harusi, akasoma:

*Haya maji mwayaona,*
*Babaye Bomba kwa jina,*
*Tanuru ni lake shina,*
*Zebaki ndiyo hatima.*

Kisha akateremka kwa nathari, kizazi baada ya kizazi: mwana wa risasi iliyoyeyushwa, ndugu wa majivu ya betri, mpwa wa matope ya dhahabu. Hakuongeza wala kupunguza. Alipomaliza, mwanamke mmoja akamfuta mwanawe midomo kwa kanga. Mzee wa karibu yake akatema mate, akaomba radhi, akatema tena.

"Risasi ni madini ya heshima!" akapinga Taufiki. "Yana thamani!"

"Basi tangulia, mkwe wetu," akasema Maalim kwa upole, akamsogezea kijiko. "Wewe ni upande wa mume. Kunywa, sisi tufuate."

Taufiki akarudi nyuma. "Mimi... mimi nyumbani nina utaratibu wangu. Huletewa maji ya chemchemi, kwa punda."

Kicheko kilichofuata kiliwarusha bata waliokuwa ukingoni. Watu wakamtazama Taufiki upya: ufizi mwekundu, mikono tulivu, kumbukumbu isiyosahau mdeni hata mmoja. Hakuna aliyemhurumia tena.

Kadhi Sefudini akagonga bakora. Hakuwa mpumbavu, alikuwa amesahau tu mengi, na hakuyajua aliyoyasahau. "Ndoa hii," akasema, "ilifungwa na nani? Walii wa Bibi Tahira alikuwa nani?"

"Hilo ndilo lililobaki," akajibu Maalim. "Mwanamke asiye na walii, walii wake ni kadhi. Je, ni wewe uliyemwozesha, Mheshimiwa?"

"Mimi? Hasha!" Kadhi akasita. Akainama kwa Haidari. "Kijana, niliwahi?"

"Hukuwahi, Mheshimiwa."

"Hasha!" akarudia kwa nguvu zaidi. "Sikumwozesha mtu, wala sikuona mashahidi, wala mahari. Kwa hiyo ndoa haipo, na huyu Bomba ni mtu aliyeingia nyumba ya watu bila idhini. Nahukumu arudishwe kwao, yeye na kila alichokuja nacho, kabla jua halijatua. Akatapike kwa mwenyewe Taufiki, uani kwake, si kwa binti wa Chemchemi!"

Vijana wakaondoka mbio na masururu. Taufiki akawafuata akipiga kelele juu ya maua yake, na baadaye yasemekana alichimba shimo lenye kuta imara upesi kuliko mtu yeyote katika historia ya Asilia, maana harufu ya kitu hukolea kikiwa chini ya dirisha la mwenyewe.

"Na sasa je?" akauliza Mkaguzi, aliyekuwa akifikiria chakula. "Samaki tunaweza kula?"

"Hata kidogo," akasema Maalim. "Mwanamke akitengana na mume hukaa eda, hata kama ndoa ilikuwa batili. Bibi Tahira naye atakaa eda yake. Hamnywi maji ya hapa chini, wala hamli samaki wake."

"Muda gani?"

"Eda ya mwanamke nimeisoma. Ya mto siijui, wala simdanganyi mtu. Bomba limeondoka, lakini mazito yake yamelala topeni, na mazito hayatoki kwa kufukuzwa mwenyewe tu. Mtakuja kukagua hapa, huku chini, msimu baada ya msimu. Siyo kwa mamaye. Kwake mwenyewe." Akapangusa uso. Kusema hivyo kulimgharimu, kwani harufu ya samaki wa kuchoma ilikuwa bado hewani na yeye alikuwa hajala.

Ikabaki mtoto, ambaye hakuwa na jina bado. Kadhi akaamuru msafara upande mlimani, anyweshwe chemchemini, alipozaliwa Bibi Tahira na kabla hajaingiliwa na mtu. Wakapanda wote: Kadhi akishikwa mikono, Mkaguzi akihema na mwavuli wake, Mwanasiti mbele ya wote, mtoto kifuani. Maalim Bwanakheri alikuwa nyuma kabisa na tumbo lake, akila mkate wa maharage aliopewa na bibi mmoja, akikiri moyoni kuwa si mbaya.

Chemchemini waliwakuta paka wa mji wamejipanga ukingoni, wakinywa.

Watu wakasimama. Kadhi akavua kilemba kwa heshima, akasema kwa sauti ya chini, "Haidari, tusomee ukoo wa hawa mabwana."

Haidari akajikohoza, akatafuta pa kuanzia. Lakini paka hawakungoja. Wakamaliza kunywa, wakajilamba masharubu, wakashuka mlima mmoja mmoja, mikia juu, wakiwaachia nafasi. Mwanasiti akainama, akachota maji kwa kiganja chake mwenyewe, akamlowesha mwanawe midomo. Mtoto akaonja, akakunja uso, kisha akafungua kinywa kuomba tena, na Haidari akalitaja jina lake kwa sauti iliyosikika hadi mjini: Salmini bin Haidari.